Mdogo wangu yupo lokapu siku ya tatu na ameshasainishwa maelezo, Katiba inasemaje hapa?

Kaka_wa_Tano (Jumamosi, saa 1:12 jioni)

Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo maana kichwa kimejaa. Mdogo wangu ana miaka 24 ni stoo kipa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mji sitautaja. Wiki hii wamehesabu mzigo wakakuta bati na nondo pungufu, bosi anasema ni milioni 8 na laki 6. Alhamisi saa nne asubuhi wakaja askari wawili kumchukua, na walikuja na pikapu ya bosi mwenyewe, mdogo wangu akapandishwa nyuma juu ya mifuko ya simenti kama mzigo watu wote wa mtaa wanaangalia.

Mama ameenda kituoni toka siku hiyo na hotpoti ya chapati, kaunta wanazikata vipande kwanza waone kama kuna kitu ndani, halafu wanamwambia hotpoti iache hapa mama. Kumuona mwanae hapana, upelelezi unaendelea. Tumekuja kumuona leo asubuhi dakika kama tano hivi na ndo anatuambia jana ijumaa saa mbili usiku alitolewa selo akaandikwa maelezo, akaambiwa saini hapa hapa na hapa jumatatu unaenda zako kwa dhamana. Kasaini. Hajui vizuri kilichoandikwa maana hakusomewa chote, anasema alikua na njaa na usingizi alitaka tu iishe.

Tukauliza dhamana, afande mmoja akasema kosa hili halina dhamana mlalamikaji ni mtu mzito. Mwingine akanivuta pembeni akasema kuna hela ya mafuta. Bosi nae kapiga simu kwa mzee anasema leteni milioni 8 na laki 6 nafuta kesi leo leo.

Sasa mimi sio mwanasheria mimi fundi friji, ila nakumbuka shuleni kwenye uraia tulisoma saa 24, tukasoma mtu hana hatia mpaka mahakama iseme. Hizi haki zipo kweli au ni za mtihani tu? Na hayo maelezo aliyosaini ndo basi tena?

Chuma_Moto (Jumamosi, saa 1:40 jioni)

Kama hajaiba atatoka, kama kaiba alipe. Bati hazina miguu mkuu. Hizi haki za watuhumiwa mnazozililia ndo zinafanya wezi wanarudi mtaani kabla mwenye mali hajamaliza kuandikisha ripoti.

WakiliMchovu (Jumamosi, saa 2:25 usiku)

@Kaka_wa_Tano pole sana kaka, mpe pole na mama. Ngoja nikujibu kwa urefu kidogo, nipo njiani kwenye basi linatoka Dodoma na chaji ninayo.

Kwanza lile la afande kwamba halina dhamana, sio kweli. Wizi wa stoo kipa kumwibia mwajiri wake una dhamana. Makosa yasiyo na dhamana kwetu yametajwa kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha, ugaidi, usafirishaji wa binadamu na mengine machache. Uzito wa mlalamikaji haumo kwenye ile orodha. Kuna kitu kimoja cha kuangalia, mali inayodaiwa ikizidi kiwango fulani sheria inataka mshtakiwa aweke mahakamani nusu ya thamani, taslimu au mali isiyohamishika, ndo maana wengine wakiona kesi ndogo wanajaza mamilioni kwenye hati ya mashtaka mpaka unashangaa bati gani hizo. Kwa hiyo chunga namba isije ikakua njiani, leo 8.6 wiki ijayo usikute 86.

Na dhamana ya polisi ni bure. Hakuna mafuta hakuna karatasi hakuna wino. Mdhamini anasaini tu.

Pili saa 24. Hapa watu wengi wanaikosea. Hiyo namba HAIMO kwenye Katiba yetu. Katiba ya Tanzania ya 1977 ibara ya 15 inasema tu mtu asinyimwe uhuru wake isipokua kwa utaratibu uliowekwa na sheria, halafu ibara ya 13(6) ndo ina vitu vya maana, haki ya kusikilizwa kikamilifu na kukata rufaa, marufuku kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika, utu wake ulindwe kwenye upelelezi, asiteswe. Saa 24 ipo kwenye sheria ya bunge, hiyo hiyo ya mwenendo, tena imeandikwa kwa kona kona. Inamwambia mkuu wa kituo, kama huwezi kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24 na kosa sio zito basi mwachie kwa dhamana, na ukibaki nae mfikishe mapema iwezekanavyo. Hayo maneno mapema iwezekanavyo ndo mlango anaopita kila afande unaemsikia akisema jumatatu. Kwa hiyo ukienda pale kaunta ukapiga meza kwamba Katiba inasema saa 24 utachekwa, nenda umuulize mkuu wa kituo kwa upole, afande kosa hili sio zito, kwanini hajapewa dhamana kwa sheria ya mwenendo? Hapo anajua unajua.

Tatu, na hili ndo kubwa kuliko yote uliyoandika, MASAA. Umesema kakamatwa alhamisi saa nne asubuhi, maelezo yameandikwa ijumaa saa mbili usiku. Hesabu hapo. Ni masaa 34. Sheria ile ile inasema mahojiano yafanyike ndani ya masaa manne toka mtu alipowekwa chini ya ulinzi, hawahesabu muda wa kumsafirisha kutoka alipokamatwa, na wakihitaji zaidi kuna utaratibu wa kuongeza, sio kuongeza kichwani kwako. Hiyo karatasi aliyosaini tunaiita maelezo ya onyo, na Mahakama ya Rufani imeshayatupa nje mara nyingi sana yakichukuliwa nje ya muda bila sababu, kesi ya Janta Joseph Komba na wenzake mawakili tunaitaja mpaka tumechoka. Sio uhakika wa asilimia mia, jamhuri, yani upande wa mashtaka, wakieleza sababu ya maana ya kuchelewa korti inaweza kuwaelewa. Ila ni hoja nzito.

Shida iko wapi? Nani ameandika kwamba ilikua saa nne asubuhi? Kwenye karatasi zao usishangae kukuta kakamatwa ijumaa saa kumi na mbili jioni. Kwahiyo leo leo usiku huu chukua daftari, andika kila kitu, nani alimuona akichukuliwa, saa ngapi, gari namba gani, mama alifika kituoni saa ngapi, alimpa nani hotpoti. Tafuta jirani wawili walioona ile pikapu. Kama duka lina kamera usiwaombe wao maana itafutika, angalia duka la jirani. Nimeona kesi zimegeuka kwa sababu ya meseji moja ya mke kumwambia shemeji "wamemchukua sasa hivi", ina saa yake juu pale.

Namba za vifungu sikuwekei makusudi, toleo jipya la sheria lililorekebishwa limezipangua na hata sisi tunatafutana. Shika maneno.

Chuma_Moto (Jumamosi, saa 2:41 usiku)

Yani mtu kasaini mwenyewe halafu karatasi inatupwa kwa sababu saa imepita?? Ndo maana nasema.

bint_saba (Jumamosi, saa 3:03 usiku)

Chuma_Moto mimi nakuomba radhi kabla sijaandika maana naweza nikaandika vibaya.

"Kama hajaiba atatoka." Baba yangu mdogo alitoka. Alitoka baada ya miaka mitatu na miezi minne. Kesi ya mauaji, marehemu alionekana mara ya mwisho kilabuni na watu watano, wote watano wakabebwa. Kila baada ya wiki mbili karandinga linamleta mahakamani, anashuka na pingu anasimama kizimbani, wakili wa serikali anasema mheshimiwa shauri lipo kwa ajili ya kutajwa, upelelezi haujakamilika tunaomba tarehe nyingine. Hakimu anasema mpaka tarehe fulani. Dakika mbili. Nilikua nasafiri masaa matano kwenda kuona dakika mbili, na sikuruhusiwa kumsogelea, nilikua nakaa benchi la mbele ili akigeuka anione tu. Hata kujibu mashtaka hajibu maana mahakama ya chini haina mamlaka na kesi ya mauaji, anaambiwa usijibu kitu. Miaka mitatu mtu anaambiwa usijibu kitu.

Siku moja DPP, mkurugenzi wa mashtaka wa serikali, akaleta karatasi kwamba hana nia ya kuendelea na shauri. Basi. Hakuna pole, hakuna nauli. Kufika nyumbani mke alishaondoka, pikipiki iliuzwa kulipa wakili wa kwanza ambae alikula hela, na mtaani mpaka leo anaitwa muuaji. Ile ibara ya 13(6) anayoisema wakili, ya kutotendewa kama mkosaji, mimi nilikua naijua kwa moyo, nilikua naisoma kwenye foleni ya kuangalia mahabusu.

Na masaa manne wameyaweka sio kwa ajili ya wezi. Wameyaweka kwa sababu mtu akikaa siku mbili na njaa anasaini chochote, hata wewe ungesaini kwamba umeiba mlima Kilimanjaro.

Chuma_Moto (Jumamosi, saa 3:20 usiku)

Dada pole sana kwa hilo sikatai. Ila na mimi nisikilizwe. Mwaka juzi niliibiwa pikipiki yangu ya mkataba, nilikua nimebakisha marejesho ya wiki sita iwe yangu. Jamaa alikamatwa nayo, kesho yake nimemkuta stendi anakunywa supu. Mimi nikaendelea kulipa mkataba wa pikipiki ambayo ipo kituoni kama kielelezo inanyeshewa mvua miezi saba. Mwenye mali haki yake iko ibara ya ngapi?

WakiliMchovu (Jumamosi, saa 3:48 usiku)

Swali zuri na sikubezi. Hiyo pikipiki ungeweza kuiombea mahakamani ikapigwa picha ukarudishiwa, nani alikwambia? Hakuna. Hapo ndo hasira yako inatakiwa iende. Yule wa supu alikua na dhamana, dhamana sio kuachiwa huru, ni ahadi kwamba atarudi na kuna mtu kaweka jina lake, asiporudi mdhamini analipa. Kumfungia yeye kabla ya hukumu kusingekurudishia wewe pikipiki hata siku moja mapema.

Omosh_wa_Ziwani (Jumamosi, saa 9:15 usiku)

Salamu kutoka Kisumu ndugu zangu, mimi huwa nasoma tu lakini hii imeniamsha. Hapa kwetu hayo masaa 24 yako ndani ya Katiba yenyewe ya 2010, kifungu cha 49, mshukiwa lazima afikishwe kortini kabla ya masaa 24 kuisha, na kama yanaisha wikendi basi siku ya kwanza korti inapofunguliwa. Ndio maana hapa makarao wanapenda sana kushika watu Ijumaa jioni hehe, sheria inawapa mpaka Jumatatu na wanajua. Halafu kifungu hicho hicho kinasema kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita mtu asiwekwe rumande.

Na kitu huwashangaza sana wageni, kwetu hata kesi ya mauaji ina dhamana. Tangu 2010 kila mshukiwa ana haki ya bondi isipokuwa upande wa mashtaka uonyeshe sababu nzito, kwamba atatoroka, atatisha mashahidi. Mzigo ni wao.

Lakini msije mkadhani huku ni peponi. Jirani yangu alipewa bondi ya laki tatu na mdhamini wa kiasi hicho hicho, hana shamba hana logbook, akakaa ndani miezi tisa na haki yake mfukoni. Na hayo mambo ya muda kupita, 2006 Mahakama yetu ya Rufani iliwahi kumwachilia jamaa aliyekuwa amehukumiwa kwa wizi wa mabavu, Albanus Mwasia Mutua, kwa sababu polisi walikaa naye kupita muda wa Katiba ya zamani. Watu wakakimbilia hapo, kila wakili akawa anahesabu siku. Kufika 2010 korti ikarudi nyuma kwenye kesi ya Julius Kamau Mbugua, ikasema ukicheleweshwa dai fidia, si lazima kesi ife. Kwa hivyo huyo kijana asitegemee saa pekee, apiganie pia kesi yenyewe, hizo bati ziko wapi.

Kitu kingine, hapo kwenu hakuna OB namba, ile ya kitabu cha matukio cha polisi? Huku ukishikwa jina lako na saa lazima viingie kwenye kitabu cha OB. Ukipata hiyo namba una nusu ya ushahidi.

WakiliMchovu (Jumapili, saa 12:30 asubuhi)

@Omosh_wa_Ziwani asante kaka umenikumbusha. Ipo kwetu pia, tunaita RB watu wengi, kitabu cha taarifa kinaonyesha nani kaingia lini, na kuna kitabu cha mahabusu. Kaka_wa_Tano omba hiyo namba, wakikataa andika kwenye daftari jina la aliekataa na saa.

Nyuki_wa_Ukutubi (Jumapili, saa 2:05 asubuhi)

Naona swali la kwanini sisi na Kenya tofauti halijaguswa na mimi haya mambo ndo ugonjwa wangu. Katiba yetu ilianza 1977 bila sura ya haki kabisa, haki zimeingizwa kwa mabadiliko ya 1984, na serikali ikaomba miaka mitatu ya kusafisha sheria zake kwanza, kwahiyo mpaka 1988 huwezi kwenda mahakamani kuzidai. Baada ya hapo ndo akatokea jaji mmoja Mwanza, James Mwalusanya, alikua hana mchezo. Kesi ya Daudi Pete, jamaa wa wizi wa kutumia nguvu aliyenyimwa dhamana na sheria yenyewe, Mwalusanya akasema kipengele hicho kinagongana na Katiba, na Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali mwaka 1991 ikakubali kwamba kimevuka mpaka. Hoja ilikua nzuri sana, kwamba hakuna utaratibu wa kusikilizwa, sheria inafunga mlango hata kama mtu hana hatari yoyote kwa mtu yoyote.

Mkadhani basi imeisha. 2020 mwezi wa tano Mahakama Kuu, majaji watatu, kwenye kesi ya Dickson Sanga wakasema kile kifungu cha makosa yasiyo na dhamana kinavunja Katiba. Watu wakashangilia humu humu ndani. Mwezi wa nane Mahakama ya Rufani ikapindua, kifungu kikabaki. Mnakumbuka masheikh wa Uamsho, ile jumuiya ya kiislamu ya Zanzibar, walikaa ndani takriban miaka nane kwa mashtaka ya ugaidi, Juni 2021 DPP akayaondoa wakarudi kwao. Miaka nane bila hukumu. Kwa hiyo bint_saba ya baba yako mdogo sio ajali, ndivyo mashine ilivyofungwa.

Kidogo imelegezwa. Marekebisho ya 2022 yamesema kesi isifunguliwe mahakamani mpaka upelelezi ukamilike, ila wakaacha nje makosa makubwa, yani yale yale ambayo mtu hana dhamana. Dawa imepewa alie mzima. Ile Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Chande iliyokabidhi ripoti 2023 ilizunguka mikoani na kusikia haya haya.

Jini_la_Muvi (Jumapili, saa 2:50 asubuhi)

Hapo ndo angesema "nina haki ya kukaa kimya" kama wamarekani mngeona wangemwachia

WakiliMchovu (Jumapili, saa 3:15 asubuhi)

Unacheka lakini ipo kwetu, sio muvi. Ile ya Marekani imetokana na kesi ya Miranda ya 1966, na sheria yetu pia inamtaka afande kabla ya kuhoji amwambie mtu kosa gani anatuhumiwa nalo na amwonye kwamba halazimiki kujibu. Ndo maana yanaitwa maelezo ya ONYO. Jina na anwani utataja, hapo usilete ujuaji, lakini mengine unaweza kusema nitaongea wakili wangu au ndugu yangu akiwepo. Sheria imetaja wakili, ndugu au rafiki. Wanaweza kukataa kama wanaogopa mwenzio atatoroka au ushahidi utapotea, ila kukataa tu kwa sababu mama kaja na chapati hapana.

Shida ni kwamba nani ana ubavu wa kusema hivyo saa mbili usiku kwenye chumba chenye taa moja na meza? Mimi mwenyewe sijui kama ningeweza.

Kaka_wa_Tano (Jumanne, saa 4:30 usiku)

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya simu ilikua na mzee. Nawapa mrejesho.

Jumapili nilienda na daftari kama nilivyoelekezwa. Nikamuuliza mkuu wa kituo kwa heshima zote ile sentensi ya kwanini hajapewa dhamana kwa sheria ya mwenendo. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema wewe nani amekufundisha. Nikasema najifunza tu afande. Dhamana hakutoa ila jumatatu saa mbili asubuhi mdogo wangu alikua mahakamani, na yule wa mafuta hata kunisalimia hakunisalimia.

Mahakamani wamesoma shtaka kwa kiswahili vizuri tu, wizi wa mali ya mwajiri, milioni 8 na laki 6 haijakua. Hakimu akauliza ni kweli au sio kweli, mdogo wangu akakaa kimya kama dakika nzima mimi jasho linanitoka nikijua atasema kweli maana aliambiwa akikubali anaachiwa. Akasema sio kweli mheshimiwa. Mama akatoa sauti nyuma pale karani akamkata jicho.

Mwendesha mashtaka akasema upelelezi umekamilika anaomba tarehe ya hoja za awali, yani kutaja mambo yasiyobishaniwa kabla ya ushahidi. Dhamana ikawa wazi, wadhamini wawili, kila mmoja kitambulisho cha NIDA, barua ya mtendaji na bondi ya maneno milioni 5, yani ya kusaini tu sio taslimu. Mzee akawa wa kwanza akapita. Wa pili ni baba mkubwa, NIDA inasema Rajabu, barua ya mtendaji imeandikwa Rajab. Herufi moja! Karani akasema hawa ni watu wawili. Tukachukua bodaboda kurudi kwa mtendaji, mtendaji kaenda kwenye kikao cha kata, muhuri upo kwenye droo na ufunguo anao yeye. Mdogo wangu kapanda karandinga kwenda kulala gereza la mahabusu kwa ajili ya U. Leo saa saba mchana ndo katoka.

Amekonda. Ameoga mara mbili. Hataki kuongea bado.

Maswali yangu mawili. Ile karatasi ya maelezo hawajaitoa mahakamani, itatokea lini? Na bosi bado anapiga simu kuhusu milioni 8.

WakiliMchovu (Jumanne, saa 5:02 usiku)

Mshukuruni Mungu na mmpe uji. Kwa bosi, simu zake usibishane nazo na usikubali deni kwa meseji hata kwa lugha ya upole kama "tutajitahidi bosi", itasomwa siku moja. Kama anaona anadai akafungue madai, polisi sio wakala wa kukusanya madeni.

Maelezo ya onyo yatakuja siku ya ushahidi, askari alieandika atasimama na kusema naomba yapokelewe kama kielelezo. Hakimu atamgeukia mdogo wako amuulize una pingamizi? HAPO. Sio kesho sio kwenye utetezi. Anasema napinga, yamechukuliwa nje ya muda na sikusomewa, na mahakama inatakiwa ichunguze kwanza kabla ya kuyapokea. Watu wengi wanasema sina pingamizi kwa sababu wanadhani kupinga ni ukorofi, wakifika rufaa wanaulizwa mbona hukusema pale. Na yakipokelewa lazima yasomwe kwa sauti mahakamani, yasiposomwa ni sababu nyingine ya rufaa, toka ile kesi ya Robinson Mwanjisi ya 2003. Kingine, aombe nakala ya maelezo ya mlalamikaji, ni haki yake kupewa. Humo utaona bosi alisema bati ngapi siku ya kwanza.

Hela ya wakili kama hamna, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ulizia ofisi ya halmashauri watoa msaada waliosajiliwa, na hakimu mwenyewe anaweza kuona mtu anahitaji msaada akaagiza. Ila daftari lako libebe kila siku ya kesi.

Chuma_Moto (Jumanne, saa 5:20 usiku)

Huyo stoo kipa alikua na funguo peke yake? Nauliza tu.

Kaka_wa_Tano (Jumanne, saa 5:31 usiku)

Walikua watatu wenye funguo mkuu, yeye, mtoto wa bosi na dereva. Kakamatwa yeye tu.

Chuma_Moto (Jumanne, saa 5:33 usiku)

Asee. Hiyo iandike kwenye daftari ukurasa wa kwanza.

bint_saba (Jumanne, saa 5:40 usiku)

Amina, kijana amerudi. Usimlazimishe kuongea, baba mdogo alichukua miezi. Mama yupo sawa?

Kaka_wa_Tano (Jumanne, saa 5:52 usiku)

Yupo sawa dada, amelala ila kabla ya kulala kaniuliza hotpoti yake anaidai kwa nani, ni ya harusi yake, alimuachia afande wa zamu alhamisi saa kumi na nusu jioni. Nimecheka halafu nikaenda kuiandika.